Mwenzangu wa uzamivu ameniapisha siri, na sasa msimamizi ananiuliza habari zake

Shikamoo Mshauri,

Naomba jina langu na la taasisi yetu yasitajwe. Nipo mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu katika taasisi ya utafiti wa magonjwa ya mifugo hapa Tanzania. Nina mume na watoto wawili. Mwajiri wangu alinipa likizo ya masomo kwa sharti kwamba nirudi kazini na cheti.

Tunafanyia kazi hapa taasisini lakini tumesajiliwa vyuo vikuu tofauti, kwa hiyo mlezi wa wanafunzi, zahanati ya chuo na mambo kama hayo yako mbali nasi. Tulipofika kila mtu alikuwa kivyake. Unaingia maabara asubuhi, unatoka giza limeingia, hata hujui mwenzako wa chumba cha pili anasomea nini. Mimi na dada mmoja aliyenitangulia tukaanzisha kikundi. Sasa tuko kumi na wanne. Tunakutana Alhamisi saa kumi jioni, tunasomeana sura za tasnifu, na mtu akikaribia kutetea tunamkalia kama jopo ili azoee maswali. Yule dada alipohitimu nikabaki mratibu peke yangu, na hakuna aliyetaka kunipokea. Kundi letu la WhatsApp limekuwa la michango. Mtu akiuliza namna ya kusafisha data, swali lake linazama chini ya pole na hongera. Alhamisi tunakuja watano, tukizidi sana sita.

Hilo ningelivumilia. Linaloninyima usingizi ni la mwenzetu mmoja. Tumwite Baraka, si jina lake.

Baraka anasomea sotoka ya mbuzi na kondoo. Alizunguka kwa wafugaji msimu mzima akichukua damu, na vijiti vya pamba vya machoni na puani, kwa mamia ya mbuzi. Mwisho wa wiki mmoja umeme ukakatika, jenereta haikuwaka, na friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ikayeyuka na sampuli zake zikiwa ndani. Jumatatu asubuhi akawa wa kwanza kufika. Umeme ulikuwa umerudi na friza inaunguruma kama kawaida. Akafunga mlango wake, hakumwambia mtu. Sasa ni zaidi ya nusu mwaka, na kila ripoti ya maendeleo anaandika kwamba sampuli zinaendelea kuchakatwa. Mimi aliniambia baada ya kikao, wenzetu walipokuwa wameshaondoka, akaniapisha nisimwambie yeyote. Na kanuni ya kwanza ya kikundi chetu ni kwamba yanayosemwa ndani hayatoki nje. Mimi mwenyewe ndiye ninayewasomea wageni kanuni hiyo.

Tangu hapo ananipigia simu usiku. Halali, chakula anagusa tu. Mke wake yuko kwao mkoani na watoto, anaamini mumewe atatetea mwaka huu. Wiki iliyopita aliniambia, "Dada, kuna siku natamani nilale nisiamke." Nikamwambia asiseme hivyo, aombe Mungu, kesho nayo ni siku. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kuniuliza habari za watoto wangu.

Msimamizi wake hapa taasisini ndiye msimamizi wangu. Juzi alinisimamisha kwenye korido: "Mwenzako vipi? Simwoni." Nikasema yupo, anaendelea. Mume wangu naye ameanza kuuliza simu za saa tano usiku ni za nani. Nimemweleza ni mwenzangu wa masomo ana matatizo. Hakuuliza tena, ila namwona hajatulia. Na sura yangu ya tatu haijasogea.

Nikimwambia Profesa, nitakuwa nimemsaliti mtu, na kikundi kitakufa, maana nani atanifungulia moyo tena? Nikinyamaza na likatokea la kutokea, nitaishije? Mama yangu mdogo ananishauri niache uratibu niokoe masomo yangu. Nikiacha sasa, Baraka ataona nimemkimbia. Mimi si daktari wala mshauri nasaha, ni mwanafunzi kama yeye. Nifanyeje?

Mratibu, Tanzania Bara

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole, na ahsante kwa kueleza kila kitu bila kumchafua mtu.

Barua yako ina mambo manne ambayo yamefungwa pamoja hadi yanaonekana ni siri moja. Kuna uhai wa Baraka. Kuna sampuli. Kuna ripoti ambazo si za kweli. Na kuna kikundi, pamoja na wewe mwenyewe na nyumba yako. Ukiyafungua moja moja utaona kwamba kiapo ulichokula hakiyafuniki yote kwa kiasi kimoja, na kwamba njia ulizoziona, kusema au kunyamaza, si hizo mbili tu.

Lisilosubiri ni uhai wake, kwa hiyo hili ninaomba ulifanye leo, kabla hujamaliza kuyafikiria mengine. Mtu anayesema anatamani asiamke amekufungulia mlango akitazama kama utaingia. Ulichomjibu ulikisema kwa upendo, na sala ina nafasi yake. Kama ni mtu wa ibada, mchungaji au shehe wake anaweza kuwa mmoja wa watu wa kumshika mkono. Ila sasa mtafute mchana, si kwa simu ya usiku. Mkae mahali pa wazi ambapo hamsikilizwi, mathalani benchi la nje ya maktaba, umuulize kwa maneno yasiyozunguka: "Baraka, uliposema unatamani usiamke, ulikuwa unafikiria kujiua?" Wengi tunaogopa kwamba swali hilo litampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Tafiti zilizochunguza hofu hiyo hazijaona kwamba kuuliza huongeza hatari, na wengi huona wamepumua kwa kuulizwa. Akikubali, endelea taratibu: Ni mara ngapi? Umefikiria namna ya kufanya? Kitu hicho unacho karibu? Kuna siku uliyoipanga? Kisha nyamaza, umwache amalize, hata kimya kikiwa kirefu.

Kama ana mpango, au ana kitu karibu, usimwache peke yake hata kwa muda mfupi. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na mtu wa pili awepo. Hapo hakuna siri tena. Unampigia ndugu yake, na uongozi wa taasisi ukihitajika kwa usafiri unaupigia. Nyinyi mnafanya kazi penye stoo ya dawa za mifugo na kemikali, kwa hiyo funguo alizonazo zirudi kwa msimamizi wa stoo. Huhitaji kueleza yote. Inatosha kusema mwenzenu anaumwa na kwa sasa asiwe na zamu ya stoo. Kama hana mpango, ila ni ule uchovu wa kutotaka kuendelea, bado ni safari ya kliniki ndani ya wiki hii. Madaktari huuliza mtu amekuwaje katika wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kujiona hana thamani, kushindwa kushika jambo akilini. Yeye ameshapita wiki hizo zamani. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili, na kama mko karibu na Dodoma kuna Mirembe. Mkifika mapokezi mnaweza kusema tu kwamba amekuja kwa kukosa usingizi. Yaliyobaki atamweleza daktari chumbani.

Kuna jambo moja linalowafanya watu wengi wafiche. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Huenda Baraka analijua hilo na linamtisha. Mwambie wazi kwamba kuwa na mawazo hayo na kuyapeleka kwa daktari si kosa.

Na kiapo? Kabla hujazungumza na mtu mwingine, zungumza naye mwenyewe. Jaribu hivi: "Sampuli ni jambo lako, sijamwambia mtu. Lakini hili la kutotaka kuamka siwezi kulibeba peke yangu, nitaliharibu. Nichagulie wewe tumwambie nani leo: mkeo, kaka yako, au daktari. Ukipiga simu nitakaa hapa." Hapo unampa uamuzi wa nani aambiwe na saa ngapi. Anaweza kukukasirikia. Hatari hiyo ipo, na huenda ikachukua muda kuisha. Lakini mtu aliyekukasirikia bado unaweza kurudiana naye.

Sasa nije kwenye sampuli, kwa sababu nadhani hapa wote wawili mmekubali jambo ambalo hakuna aliyelipima. Baraka anaamini kazi yake yote imekwisha. Je, ni kweli? Sotoka husababishwa na kirusi cha RNA, yaani kirusi ambacho vinasaba vyake vimeandikwa katika RNA badala ya DNA, na RNA ni dhaifu: vijiti vya pamba vikiyeyuka na kukaa kwenye joto, hata kama vimeganda tena, huenda kisipatikane cha kusomea mpangilio wa vinasaba. Upande huo ana haki ya kuogopa. Lakini seramu, yale maji ya damu yanayobaki damu ikiganda, ni habari nyingine. Kingamwili zilizomo ndani yake huvumilia kuyeyuka kuliko RNA, na nusu ya tasnifu ya namna hiyo huwa ni kujua mbuzi wangapi wana kingamwili, kwa kipimo cha ELISA. Na kama kuna sampuli ambazo RNA yake ilikwisha kutolewa na kugeuzwa kuwa cDNA, yaani nakala yake ya DNA, kabla ya umeme kukatika, nayo ina uhai mrefu zaidi. Kwa hiyo kuna kazi ndogo ya siku chache inayoweza kumpa ukweli: achukue seramu ishirini hivi, zikiwemo zile alizowahi kuzipima kabla ya ajali kama zipo, azipime tena alinganishe majibu. Kisha achague vijiti kumi vya mbuzi waliokuwa na dalili wazi, atoe RNA, aendeshe PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi, pamoja na sampuli ya kulinganishia inayojulikana kuwa na kirusi, ili akikosa jibu ajue kama kosa ni la kipimo au la sampuli. Asiyeyushe boksi zima. Kila kuyeyusha kunaongeza uharibifu, na wengi huharibu kilichobaki kwa kuhangaika kukitafuta.

Majibu yakija vyovyote, ataingia kwa msimamizi akiwa na karatasi ya nini kimebaki na nini kimepotea, badala ya kuingia na aibu peke yake. Mazungumzo hayo mawili hayafanani.

Kuna swali jingine ambalo barua yako haikuligusa, nami siwezi kulipita. Friza ile ni ya Baraka peke yake? Friza za nyuzi 80 katika taasisi zetu mara nyingi ni za wengi, kila mtu na rafu yake. Kama kuna wenzenu wenye sampuli mle, kwa zaidi ya nusu mwaka wamekuwa wakipima vitu vilivyoyeyuka bila kujua, wakishangaa kwa nini majibu hayatoki, au vibaya zaidi, wakiyaamini yaliyotoka. Hao nao huenda ni wanakikundi chako, na nao una wajibu wa kuwatunza. Silitaji ili kukuongezea mzigo. Nalitaja kwa sababu linafungua mlango ambao Baraka hajauona: taarifa ya friza inaweza kwenda kwa mkuu wa maabara kama taarifa ya kifaa, ikiwa na tarehe, hali aliyoikuta asubuhi ile, maboksi yapi yalikuwa maji na yapi bado yana barafu, na kwamba jenereta haikuwaka. Hakukata umeme yeye. Kosa la umeme na jenereta si lake. Lake ni ukimya uliofuata, na ukimya kila wiki inayopita unakuwa mgumu zaidi kuueleza. Mficha maradhi kilio humuumbua, wazee walisema, na katika maabara kilio hicho huja siku ya kuwasilisha data.

Kuhusu ripoti, tofautisha vitu viwili. Ripoti ya maendeleo iliyosema sampuli zinachakatwa wakati hazichakatwi ni uongo, lakini inarekebishika: ripoti inayofuata inasema ukweli na kutaja kwamba zilizotangulia hazikuwa sahihi. Kutunga data ni jambo la aina nyingine kabisa, na hilo linaweza kumpotezea shahada hata baada ya kutunukiwa. Kwa maelezo yako hajafika huko. Ila mtu aliyeahidi matokeo asiyokuwa nayo, huku tarehe zinamkaribia, ndiye anayejaribiwa zaidi.

Nani aseme basi? Naziona njia kadhaa, na kila moja ina miba yake. Baraka anaweza kusema mwenyewe, na hii humrudishia heshima. Hatari yake ni kwamba ataahirisha wiki baada ya wiki, kwa hiyo wekeaneni siku. Anaweza kusema wewe ukiwa umekaa pembeni. Inampa nguvu, lakini fahamu kwamba Profesa atakumbuka ulimjibu nini kwenye korido, na wewe una tasnifu mikononi mwake. Anaweza kuanza na msimamizi wa pili, yule wa chuo alikosajiliwa, ambaye hayumo katika shughuli za kila siku za maabara na anaweza kumsindikiza kwa huyu wa kwanza. Hatari ni Profesa kuona amerukwa. Au unaweza kusema wewe bila ridhaa yake. Kwa suala la sampuli, hiyo ndiyo njia ninayoiona ina gharama kubwa kuliko zote, ingawa suala la friza ya pamoja linaweza kukufikisha huko iwapo atakataa kila njia nyingine. Wewe unawajua watu hawa, mimi siwajui. Kuna wasimamizi wanaosikia habari kama hii wakavuta kiti, na kuna wanaofoka kwanza. Wa namna ya pili hufaa kuandikiwa kabla ya kuonwa, ili wafoke peke yao. Ujumbe uwe mfupi: "Profesa, friza ilipoyeyuka, sampuli zangu zilikuwa ndani. Sikukueleza, na ripoti zangu za tangu hapo hazikuwa sahihi. Nimepima baadhi na nimeambatisha orodha ya zilizobaki. Naomba nusu saa yako tuone tasnifu inaweza kusimama juu ya nini." Zaidi ya hapo asiandike.

Kuna mambo ya ofisi pia. Kama itabidi arudi kwa wafugaji kuchukua vijiti vipya, atahitaji idhini ya kamati ya maadili kwa marekebisho ya itifaki, yaani mpango wa utafiti, na kibali chake cha utafiti kutoka COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kina tarehe ya mwisho. Maombi ya kuongeza muda yaanze kabla kibali hakijafa. Na daktari akiona anahitaji kupumzika, vyuo vingi vina utaratibu wa kuahirisha masomo kwa barua ya hospitali. Aulize kwanza kama muda wa usajili unasimama au unaendelea kuhesabiwa, na kama mfadhili wake anakubali. Watu huahirisha wakidhani wamepata nafuu, kumbe posho nayo imesimama.

Profesa akikuuliza tena, huna haja ya kudanganya wala kueleza. "Habari zake atakueleza mwenyewe, Profesa, lakini nadhani ukimpigia simu atafurahi." Ndiyo, mtu makini ataelewa kwamba kuna jambo. Mwambie Baraka mapema kwamba hilo ndilo jibu lako kuanzia sasa, asije akalisikia kwa wengine.

Unasema wewe si mshauri nasaha. Nimelitafakari sana hilo, kwa sababu ni kweli na si kweli. Zimbabwe, tangu 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda amewafundisha wanawake wazee wa mitaani kukaa na watu kwenye mabenchi nje ya zahanati: wanasikiliza, wanamsaidia mtu kuorodhesha matatizo yake, wanachagua moja, wanapanga hatua ya kulifanyia kazi kabla ya kuonana tena. Jaribio lililochapishwa 2016 lilionyesha kwamba waliopata huduma hiyo walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwa hiyo mtu asiye daktari anaweza kusaidia sana. Lakini angalia wale bibi wana nini: wamefundishwa, wana msimamizi nyuma yao, na wanajua mgonjwa gani wampeleke mbele. Wewe umepewa kazi yao bila hata kimoja cha hivyo vitatu, na kwa saa tano usiku. Uchovu wako si udhaifu.

Wala Baraka si kiumbe wa ajabu. Utafiti wa Flanders, Ubelgiji, uliochapishwa 2017 na kuhusisha wanafunzi 3,659 wa uzamivu, ulikuta karibu mmoja kati ya watatu yuko katika hatari ya tatizo la afya ya akili, na hatari hiyo ilihusiana na mzigo wa kazi, kazi kugongana na familia, kukosa kauli juu ya kazi yako na namna msimamizi anavyoongoza. Katika watu kumi na wanne wa kikundi chako, hesabu ya namna hiyo ingekuwa wanne hivi. Ndiyo maana nakuomba utazame kikundi upya, kwa kuwa Baraka huenda asiwe wa mwisho kuja kwako.

Kanuni yenu ya siri ni nzuri ila imekosa mlango. Iongezeni maneno machache, yasomwe kwa wote siku moja, si kwa sababu ya mtu fulani: yanayosemwa hapa hayatoki, isipokuwa uhai wa mtu ukiwa hatarini, na hapo mhusika ataambiwa kabla. Watu hawaogopi kanuni ya namna hiyo. Wanachoogopa ni kutojua mpaka uko wapi.

Michango mpeni mtu mmoja na kundi lake tofauti la WhatsApp. Usiifute, katika maisha yetu kumzika mzazi wa mwenzako ni msaada uleule, ila haikai sahani moja na maswali ya data. Alhamisi igawanyeni: wiki moja kusomeana, wiki moja kuandika tu. Ya kusomeana iwe saa moja na nusu kwa watu wawili. Kurasa zisizozidi tano kila mmoja, zitumwe Jumatatu. Mwenye kazi anasema kwa dakika tano anataka msaada gani, kisha anakaa kimya wenzake wanapozungumza kwa dakika ishirini na tano, halafu anataja atakachobadilisha. Kurasa thelathini zikitumwa usiku wa Jumatano, hakuna atakayesoma, na wasiosoma huona aibu kuja. Nahisi hapo ndipo mliposhuka hadi watano. Ya kuandika ni rahisi zaidi: dakika 25 kuandika, 5 kupumzika, mara nne, simu zote zikiwa mezani kwa mratibu. Na ndani ya kumi na wanne fanyeni vikundi vya watu watatu watatu au wanne, visivyochanganya wenye msimamizi mmoja. Kama ungekuwa huna Profesa mmoja na Baraka, nusu ya mtego huu usingekuwepo.

CARTA, ule ushirika wa vyuo na taasisi za utafiti za Afrika ulioanza 2008, huwachukua wanafunzi kwa makundi yanayoingia pamoja na kukutana kwenye semina nne za pamoja katika safari yao ya uzamivu. Nakutajia kwa sababu moja: huko kukaa pamoja kumewekewa waendeshaji na fedha. Kwenu kumewekwa juu ya mama mmoja mwenye sura ya tatu isiyosogea. Unaweza kuuandikia uongozi ukurasa mmoja kuomba mambo matatu: mtu wa kuwasiliana naye kati yenu na vyuo mlivyosajiliwa, mshauri nasaha aje walau mara moja kwa mwezi, na kengele kwenye friza inayopiga simu ya mlinzi joto likipanda. Hilo la mwisho linaweza kupita haraka kuliko yote.

Uratibu wako: unaweza kuubakiza kwa zamu ya miezi mitatu, watu wawili wawili, wewe ukiwa mmoja wao kwa zamu ya kwanza. Unaweza kuuweka chini mpaka sura ya tatu iishe, na hatari hapo ni kikundi kulala kwa muda. Unaweza kuendelea kama sasa, na hatari ya hiyo unaijua kuliko mimi. Mama yako mdogo ana hoja, na wewe una yako kuhusu Baraka. Ila kuacha uratibu na kumwacha Baraka si kitu kimoja. Unaweza kumwambia: kikundi nampa mwingine, wewe tutaonana Jumanne na Ijumaa saa saba mchana, tule pamoja. Baada ya saa tatu usiku simu yangu ni ya nyumbani, na ukizidiwa usiku mpigie kaka yako na uende hospitali. Namba yake tuiweke wote wawili. Mume wako naye mweleze zaidi kidogo, bila jina la mtu: kwamba kuna mwenzenu anaumwa kiasi cha kuhatarisha uhai, kwamba unaogopa, na kwamba unahitaji mtu wa kukusikiliza. Kwa maelezo yako ni mtu aliyechagua kukuamini huku roho haijatulia, na huenda anasubiri uombe msaada wake.

Niandikie tena ukishaonana na Baraka, hata kwa mistari miwili. Na kama leo ukishindwa kumpata kwa simu, usisubiri kesho. Pita chumbani kwake na mwenzio mmoja, mbebe chakula.